Kabla Hujamwandikia Punda Kombe, Mpitishie Mkono Mgongoni



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Leo sisemi habari ya ndoa wala ya mirathi. Maswali yenu nimeyaona, na in shaa Allah zamu yake itafika. Leo nasema habari ya punda. Anayetaka kucheka na acheke, kisha asome mpaka mwisho, kwa sababu hili ni jambo tutakaloulizwa.

Sisi Waswahili tuna msemo: shukrani ya punda ni mateke. Tumeusema mpaka umekuwa kama hukumu ya kadhi. Punda akiruka, tunasema hana shukrani. Akiuma, ana tabia mbaya. Akigoma njiani, mvivu. Akipigwa fimbo na bado akagoma, basi huyo ana jini. Hizo ni hukumu nne, na katika zote nne hakuna mtu aliyenyosha mkono akamgusa mgongo.

Mimi nimezaliwa hapa Lamu katika nyumba ya punda. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa na punda wanne, na mawe na mchanga wa nyumba nyingi za mtaa wetu ulipita juu ya migongo yao. Kabla sijajua kufunga kilemba nilijua kufunga shogi. Kila siku baada ya Alfajiri, kabla tandiko halijawekwa, kila punda alipitishiwa mkono kutoka mabegani mpaka kiunoni, upande wa kulia na upande wa kushoto. Baba hakusomea udaktari wa wanyama. Alikuwa akisema tu kwamba mnyama hana mdomo wa kushtaki hapa duniani, kwa hiyo ni juu ya mwenye mnyama kuuliza.

Nalikumbuka neno lake hilo siku moja, si zamani sana, baada ya sala ya Alasiri.

Kijana mmoja wa hapa mtaani alinisubiri barazani mpaka watu wakapungua. Akanisalimia, akaniambia:

"Maalim, nataka uniandikie kombe."

Nikamuuliza, "Mama haumwi, natumai?"

"Mama mzima, Maalim. La punda."

Nikamwambia akae anieleze. Alikuwa amenunua punda jike miezi minne nyuma kwa pesa alizokopeshwa na mjomba wake. Kazi yake ni kubeba simiti, maji na kokoto kutoka ufukoni mahali majahazi yanaposhusha, kupeleka kwenye majengo ndani ya mji. Mnajua njia zetu hizi nyembamba, gari halipiti. Punda huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Lakini kwa wiki tatu alikuwa amegeuka. Akiliona tandiko tu, analaza masikio nyuma na kutaka kuuma. Akifungwa kamba ya tumbo, mgongo unabonyea chini na mateke yanaruka. Siku moja alimwaga mfuko wa simiti mtaroni ukapasuka, na mwenye jengo akamkata kijana pesa ya mfuko.

"Watu wanasema nilimfunga usiku karibu na gofu," akaniambia. "Kitu kimemwingia. Nimempiga, Maalim, nimechoka kumpiga."

Kisha akainamisha kichwa, akaongeza jambo la pili. "Na kama kombe halikumfaa, kuna mtu wa Pate anamtaka. Nimuuze kabla hajajua?"

Ndugu zangu, maswali haya mawili mnayaona ni madogo? La kwanza ni la itikadi, la pili ni la halali na haramu. Na nyuma yake kuna mama, wadogo zake watatu, na deni la mjomba. Nikamwambia, "Mwanangu, majibu yote mawili yako mgongoni mwa punda wako. Twende tukamtazame."

Kabla sijaendelea, niseme la dua, asije mtu akaninukuu vibaya. Sisi tunaamini kuwa jicho ni kweli, na kuwa majini wapo, na kuwa dua ni ibada na Qur'ani ni shifaa. Hilo halina ubishi. Lakini mnaijua habari ya yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Allah. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwa mnyama mwenye maumivu, kumfunga ngamia maana yake ni kutafuta chanzo. Ukianza na kombe ukaacha kutafuta, umeruka nusu ya mafundisho.

Basi tukafika. Punda amefungwa chini ya mwarobaini. Nitawaeleza tulivyomtazama hatua kwa hatua, kwa sababu wako wengi humu wenye punda, na wako walio Ghuba wanaofanya kazi kwenye mazizi ya farasi, na njia ni ile ile.

KWANZA: ULIZA TAREHE.

Nikamuuliza kijana, "Ilianza lini hasa, na siku zile kulibadilika nini?" Maumivu huwa na kalenda. Mnyama aliyekuwa mpole miezi mitatu hageuki bila sababu. Akafikiri, akasema, "Tandiko la zamani lilichakaa, nikashona jipya." Nikaliweka neno hilo mfukoni, sikulitolea hukumu bado.

PILI: TAZAMA KABLA HUJAGUSA.

Tukamfungua, tukamsimamisha mahali tambarare, tukakaa mbali kidogo bila kumvuta. Mnyama mzima hupumzisha miguu ya nyuma kwa zamu, mara huu mara huu. Huyu alikuwa akipumzisha mguu mmoja tu, wa nyuma kushoto. Anausimamisha kidogo, anauinua tena. Nikanyamaza.

Tukatazama na manyoya. Palipokuwa na jeraha la tandiko zamani, mara nyingi manyoya hurudi meupe, hata kama ngozi imepona. Ukiona mabaka meupe mgongoni, huo ni waraka ulioandikwa na mwenye mnyama aliyekutangulia. Huyu hakuwa nayo, na hakuwa na kidonda kilicho wazi. Ndiyo maana kijana alikuwa ameniapia kuwa mgongo ni mzima. Ndugu zangu, kidonda ni hatua ya mwisho. Nyama ya chini huumia siku nyingi kabla ngozi haijapasuka.

TATU: PITISHA MKONO.

Si kuchoma kwa kidole. Ukimchoma kwa kidole hata mnyama mzima atashtuka. Unaweka vidole bapa, unabonyeza kwa nguvu ya wastani isiyobadilika, unaanzia pale shingo inapoishia juu ya mabega, unateremka pembeni mwa uti wa mgongo mpaka kiunoni. Kisha upande wa pili. Jicho lako halitazami mkono, linatazama masikio, pua na mkia. Misuli inakaza kama ubao? Mgongo unakimbia chini? Mkia unapiga? Rudia mara tatu. Akijibu mahali pale pale mara zote tatu, amekujibu.

Alijibu sehemu mbili. Ya kwanza, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya mabega, palikuwa na uvimbe wa moto wa ukubwa wa kokwa ya embe. Ya pili ilikuwa kiunoni, pande zote mbili. Pale nyama ilikuwa imekaza, na nilipobonyeza alijikunja mpaka magoti yakalegea.

Kijana akashika kichwa. "Nilikuwa nampiga hapa hapa," akasema.

NNE: LIGEUZE TANDIKO.

Watu hulitazama tandiko kwa juu. Mnyama analijua kwa chini. Tukaligeuza. Alikuwa amelishona kwa gunia la nailoni, akalijaza makumbi. Nailoni hainyonyi jasho, na jasho likichanganyika na mchanga linasugua ngozi kama msasa. Na pale aliposhonea, kulikuwa na mafundo ya kamba yaliyotokeza ndani. Tukaliweka juu ya mgongo taratibu, na fundo la kushoto likaangukia juu ya ule uvimbe, sawasawa kama muhuri na karatasi.

Kijana akaruka kwa furaha. "Alhamdulillah! Tumepata, Maalim. Nakata fundo hili, kesho tuko kazini."

Nikamwambia, "Keti. Kesi haijaisha."

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea, katika wanyama, katika ndoa, na katika kila kitu. Tunapata sababu ya kwanza, inatufurahisha, tunafunga jalada.

Fundo linaeleza uvimbe wa begani. Je, linaeleza kiuno? Halieleze. Na tena, tandiko lilikuwa na mafundo mawili, la kulia na la kushoto, ukubwa mmoja. Mbona la kulia halikumuumiza?

Nikamuuliza, "Ukifika mwisho wa safari, tandiko huwa limekaa wapi?"

"Huwa limelalia kushoto, Maalim. Kila mara. Ndiyo nikawa naikaza kamba ya tumbo zaidi."

"Mizigo yako iko sawa pande zote?"

"Madumu ya maji ni lita ishirini huku na lita ishirini huku. Simiti vilevile."

Mizigo ikiwa sawa na tandiko bado linakwenda upande mmoja, basi mnyama mwenyewe hatembei sawa. Na mnyama anayechechemea mguu wa nyuma, tandiko aghalabu hutelemkia upande wa mguu ule ule mbovu. Hata kwa farasi ni hivyo. Kuchechemea kwenyewe kunaweza kuwa kudogo mpaka jicho lisikuone, lakini tandiko linakuona.

TANO: SHUKA MPAKA CHINI.

Tukamtembeza kwenye njia ya saruji, ardhi ngumu, bila mzigo. Nikamwambia kijana afumbe macho asikilize. Kwato nne zikitembea sawa zina mlio wenye mpango, kama watu wanaotwanga kwa zamu. Mlio huu ulikuwa na pengo.

Tukainua mguu wa nyuma kushoto. Ukwato ulikuwa umekua mrefu mbele, haujachongwa tangu sijui lini, na pembeni mwa wayo palikuwa na ufa uliojaa kokoto na mchanga, unanuka uozo.

Hapo mimi nikasimama. Elimu yangu ya punda inaishia hapo, na mtu anapofika mwisho wa elimu yake anapaswa kukabidhi. Tukampeleka kwenye kliniki ya punda. Hapa Lamu Allah ametuneemesha: shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo chake mwaka 1987, na hutibu punda bila malipo. Mtaalamu akauchonga ukwato, akaufungua ule ufa, akatoa uozo uliokuwa umepenya ndani, akausafisha.

Sasa tazameni mnyororo wote. Ukwato haukuchongwa, ukapasuka. Kokoto likaingia, mguu ukauma. Punda akaanza kuukwepa mguu, kiuno kikafanya kazi ya ziada mpaka kikakaza. Mwendo ukapinda, tandiko likatelemkia kushoto. Fundo lililokuwa halifiki mwilini likaanza kufika. Mwenyewe akaona tandiko linateleza, akakaza kamba, fundo likazama zaidi. Punda akakataa tandiko. Akapigwa pale pale panapouma. Akapiga teke.

Na sisi tulioona teke tukasema: shukrani ya punda.

Mgongo ulikuwa shahidi, mwizi alikuwa ukwatoni. Lau tungekata fundo tukarudi kazini, uvimbe ungepungua kidogo, kisha ungehamia mahali pengine. Na lau ningeandika kombe, kijana angesubiri wiki, na punda angeendelea kubeba simiti juu ya mguu unaooza.

Sasa turudi kwenye swali la pili, la mtu wa Pate.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina kwa muuza nafaka. Rundo kwa juu lilikuwa kavu, zuri. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule umajimaji juu watu wauone, na akafundishwa kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Tazameni, ndugu zangu: mkono uliingia chini ya kinachoonekana. Punda mwenye mgongo mbovu uliofunikwa kwa tandiko zuri ni rundo lile lile. Kumuuza kwa kunyamaza ni ghushi. Fukahaa wamesema mnunuzi akikuta aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Unaweza kumuuza, ndiyo, lakini useme: mguu huu mbovu, mgongo huu una maumivu. Kijana akasema, "Nikisema hivyo hatanunua." Nikamwambia, "Basi umejua mwenyewe kwamba ulitaka kumuuzia kitu ambacho angejua asingenunua."

Hakumuuza.

Lakini tuwe wakweli. Ni rahisi mimi niliyekaa mimbarini kusema mpumzishe mnyama. Kliniki ilimwambia punda asibebe kitu mpaka apone. Na mdomo wa mama unasubiri nini? Watu wengi wanaopakia juu ya migongo yenye vidonda hawana roho mbaya. Wana njaa. Ukitaka kumwokoa punda, mtazame na mwenye punda.

Usiku ule baada ya Isha nilisimama nikawaeleza jamaa. Wenye punda watano walijitolea: kila mmoja atampa kijana punda wake siku moja ya wiki, na ujira wa siku hiyo wagawane nusu kwa nusu. Hakukuwa na harambee wala sanduku. Siku tano za nusu ujira zilimvusha, na deni la mjomba likasubiri kwa radhi. Uvimbe wa begani ulitoweka kama baada ya wiki mbili. Kiuno kilichukua zaidi ya mwezi. Ukwato hukua polepole, huo haulazimishwi. Alipoanza tena kazi alianza na nusu ya mzigo, juu ya tandiko jipya, na hakuuma mtu.

Ndugu zangu, dini yetu haikulinyamazia jambo la migongo. Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia ambaye mgongo ulikuwa umegandana na tumbo kwa njaa, akawataka watu wamche Allah katika hawa wanyama wasiosema, wawapande wakiwa wazima na wawale wakiwa wazima. Na jambo hili lina ukweli hata kwa mtazamo wa tandiko: mnyama akikonda, nyama inayolinda uti wa mgongo inaondoka, na tandiko lililomfaa wakati wa majani litamchoma mifupa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mgongo unaouma, wakati mwingine dawa yake iko kwenye chakula.

Alikataza pia tusiifanye migongo ya wanyama kuwa mimbari. Yaani umekwisha kufika, huendi popote, lakini umekaa juu ya mnyama unapiga soga. Vijana wangu wa ufukoni, mnasikia? Mimi mimbari yangu ni ya mbao, na haichoki. Ukisimama kuzungumza, shuka.

Na Sayyidna Umar (r.a.), imepokewa kuwa alikuwa akiingiza mkono wake kwenye kidonda cha mgongo wa ngamia, na kusema kwamba anaogopa kuulizwa juu ya yaliyompata mnyama yule. Amiri wa waumini, dola yote iko chini yake, na mkono wake uko ndani ya kidonda cha ngamia! Sisi tuna punda mmoja, na mkono tumeufungia mfukoni.

Sasa kwa ufupi, yale ya kushika.

Moja. Tandiko liwe la kitambaa kinachonyonya jasho, blanketi au pamba, lisilo na mshono wala fundo upande wa mwilini. Liwe na mito miwili, mmoja huku na mmoja huku, katikati mfereji, ili mzigo ukae juu ya nyama za pembeni na uti wa mgongo usiguswe. Lifuliwe, likauke.

Mbili. Tandiko likibana, usiongeze matambara. Kiatu kikikubana hukitibu kwa kuvaa soksi ya pili. Matambara juu ya kidonda yanaongeza mgandamizo.

Tatu. Hesabu uzito. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Miwili ni kilo 100. Punda wetu wengi hawafiki kilo 200, kwa hiyo mifuko miwili tayari imepita nusu ya uzito wake mwenyewe. Na wewe unapanda juu! Lau ungebebeshwa nusu ya uzito wako kutwa nzima juani, ungesema nini?

Nne. Kwato zichongwe kila baada ya wiki chache, usingoje achechemee. Na meno yatazamwe. Meno yakiwa na makali, mnyama mwenye lijamu hukwepa kwa kuinua kichwa na kubonyeza mgongo, na mgongo huo huuma. Watu watatafuta mgongoni, na tatizo liko mdomoni.

Tano, kwa walio na farasi. Tandiko la farasi lina kiunzi kigumu ndani. Kikiwa chembamba kinafinya mabegani, kikiwa kipana kinashuka na kukaa juu ya mifupa. Baada ya safari litoe utazame jasho. Mgongo uliolowa wote na katikati kuna kipande kikavu, aghalabu hapo pamegandamizwa mno. Farasi hubadilika umbo akinenepa, akikonda au akizidi mazoezi, kwa hiyo tandiko la mwaka jana lipimwe tena mwaka huu. Mtazame na mpandaji: wako wanaoegemea upande mmoja bila kujijua. Na yote haya yakiwa salama na bado anauma, mwite daktari. Yako maradhi ya mifupa ya uti wa mgongo kugusana, na hayo huonekana kwa eksrei, hayaonekani kwa mkono wa mtu.

Sita. Kidonda kikishatokea, kazi isimame. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usimpake oili chafu ya injini, usimtie majivu wala unga wa betri. Mpeleke kwa mtaalamu, na umuulize habari ya chanjo ya pepopunda. Tazameni jina hilo wazee wetu walivyolipa. Pepo, na punda. Kumbe ugonjwa wenyewe unasababishwa na vijidudu vinavyoishi udongoni na kwenye mavi, vinaingia kupitia jeraha, na farasi na punda ni katika wanyama wanaodhurika nao kirahisi kabisa. Pepo lenyewe liliingia kwa kidonda ambacho mtu hakukiosha.

Naujua ubishi utakaokuja hapa chini. Mtu ataandika: Maalim, watu wanateseka, wewe unasema punda? Ndugu yangu, moyo ni mmoja. Mtu anayeweza kupita kila asubuhi mbele ya maumivu asiyoulizia, hauachi moyo huo bandani. Anaingia nao nyumbani. Mtoto akigoma kwenda madrasa, mtundu. Mke akinyamaza, ana kiburi. Mfanyakazi wa ndani akivunja sahani, ana nuksi, na pengine ana jini pia. Na hakuna aliyeuliza ilianza lini, na siku zile kulibadilika nini.

Nawaachia kazi moja. Kesho baada ya Alfajiri, mwenye punda, mwenye farasi, mwenye ng'ombe wa mkokoteni, kabla hujafunga kamba, pitisha mkono. Kushoto, kulia, kisha inua kwato nne. Hazizidi dakika tano. Sema Bismillah, na umwombee dua ukiwa umemgusa. Dua ya mkono uliogusa na dua ya mtu aliyekaa mbali si sawa.

Na anayemjua mwenye punda asiye na simu, amsomee post hii barazani.

Ewe Allah, tujaalie kuwa wenye huruma kwa ulivyotukabidhi. Tusamehe migongo tuliyoipakia kupita uwezo wake, tuliyoijua na tusiyoijua. Usitusimamishe Siku ya Kiyama na mnyama asiyesema akisema dhidi yetu. Waruzuku wenye wanyama riziki ya halali itakayowatosha wao na wanyama wao. Aamin yaa Rabbal aalamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.